Bomba likitoa maji machafu: Yapi ya kunywa, yapi ya kufulia

MVUA za masika zinapoanza kupiga kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru, wakazi wa Manispaa ya Morogoro huzipata habari zake hata kabla ya kuchungulia nje. Bomba huwaambia. Maji huweza kutoka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na yakilazwa kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi huonekana tabaka la udongo limetulia chini.

Baadhi ya watu huyachuja kwa kipande cha kanga, wakayapasha moto kidogo na kuyanywa. Wengine husubiri siku mbili tatu hadi bomba litoe maji meupe, kisha wakaendelea na maisha kama kawaida. Wote hao wamo hatarini, kwani udongo unaoonekana kwa macho sio unaoua, na maji meupe si lazima yawe salama.

Gharama ya kosa hilo inajulikana nchini. Mwaka 1997 Tanzania iliripoti wagonjwa 40,249 wa kipindupindu, na kati yao 2,231 walifariki dunia. Mlipuko mwingine mkubwa ulianza jijini Dar es Salaam Agosti 2015, na Morogoro ikawa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufikiwa. Hadi mlipuko huo ulipofifia mwaka 2018, wagonjwa zaidi ya 30,000 walikuwa wameripotiwa na watu zaidi ya 500 walikuwa wamepoteza maisha.

Ugonjwa huo hupita mdomoni. Kwa maneno mengine, mlango wa mwisho wa kuuzuia haupo kwenye mtambo wa kusafishia maji wala ofisi ya afya ya manispaa, bali upo jikoni, kati ya ndoo na kikombe.

Maji yanakotoka

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Morogoro hutoka katika Bwawa la Mindu, lililojengwa kwenye Mto Ngerengere mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilometa chache kutoka katikati ya mji. Mbali na Ngerengere yenyewe, bwawa hilo hupokea maji ya mito ya Mzinga, Mlali, Mgera na Lukulunge. Kiasi kingine hutoka kwenye vijito vinavyoshuka moja kwa moja kutoka mlimani, kikiwemo chanzo cha Mambogo.

Maji ya Mindu husafishwa katika mtambo wa Mafiga, kisha husambazwa na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Morogoro, MORUWASA. Mitambo ya Mafiga na Mambogo iliboreshwa kwa msaada wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, MCC, chini ya mkataba uliotekelezwa kati ya mwaka 2008 na 2013.

Mji wenyewe haukusubiri. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika manispaa hiyo watu wapatao 316,000. Ile ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya 470,000. Bwawa lililokusudiwa mji mdogo sasa linaangaliwa na watu wa Kihonda, Mazimbu, Lukobe na Mkundi, sehemu ambazo kizazi kilichopita zilikuwa mashamba na vichaka.

Huko juu, msitu wa Uluguru umelindwa kama Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2008, ukiwa na ukubwa wa zaidi ya hekta 24,000. Lakini chini ya mpaka wa msitu kuna mashamba yaliyoning'inia kwenye miteremko mikali, na kila tone kubwa la mvua huondoka na kiasi fulani cha udongo. Tatizo hilo si geni. Serikali ya kikoloni ilijaribu kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Watu walichoka na amri hizo, ghasia zikazuka Matombo mwaka 1955, na mpango ule ukafia hapo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji. Mwenye kutembea kando ya vijito vya mlimani atajionea mwenyewe kwamba mita hizo wengi huzipima kwa jicho.

Bomba tupu hunyonya

Hata hivyo, si kila uchafu hushuka kutoka mlimani. Maji yanaweza kutoka mtamboni yakiwa safi na yenye dawa ya kutosha, yakafika nyumbani yakiwa machafu. Sababu kubwa ni mgao.

Bomba lililojaa maji yenye msukumo, hata likiwa na tundu, huvuja kuelekea nje. Uchafu wa nje hauwezi kuingia kwa sababu maji yanausukuma. Msukumo ukishuka au bomba likikauka, mambo hugeuka: tundu lile lile lililokuwa likivujisha huanza kunyonya maji ya udongoni. Endapo bomba limepita ndani ya mtaro wa maji machafu au jirani na shimo la choo, kinachonyonywa kinafahamika.

Wanaofunga pampu za kuvuta maji moja kwa moja kutoka kwenye bomba la mtaa huongeza tatizo hilo, kwa sababu pampu hupunguza msukumo na kuwanyonyea uchafu majirani pamoja na mwenye pampu mwenyewe. Kadhalika, mpira wa maji ulioachwa umezama kwenye ndoo ya kufulia unaweza kurudisha maji ya sabuni na uchafu bombani pale msukumo unaposhuka ghafla. Ni jambo dogo ambalo watu wengi hawalijui.

Kwa sababu hiyo, maji ya kwanza baada ya mgao ndiyo ya kuogopwa zaidi kuliko yote. Inafaa yaachwe yatoke kwa dakika kadhaa hadi yawe meupe, yakikingwa kwenye ndoo ya kusafishia choo au kumwagilia bustani ili yasipotee bure. Kwa bahati mbaya, hayo ndiyo maji ambayo kaya nyingi hukimbilia kujaza kwenye madumu, kwa hofu kwamba yatakatika tena.

Aina tatu za uchafu

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kuna uchafu wa aina moja na dawa ya aina moja. Kwa mahitaji ya nyumbani, uchafu wa maji hugawanyika katika mafungu matatu: udongo, vijidudu na kemikali. Kila fungu lina namna yake ya kushughulikiwa, na inayofaa kwa moja haifai kwa jingine.

Udongo huondolewa kwa kutuamisha na kuchuja. Vijidudu huuawa kwa moto, klorini au jua. Kemikali haziondolewi na lolote kati ya hayo. Zinapokuwepo, dawa pekee ya nyumbani ni kuyaacha maji hayo na kutafuta mengine.

Jambo la pili ni kiasi. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura hukadiria kwamba mtu mmoja anahitaji angalau lita 15 kwa siku kwa matumizi yote ya msingi, na kati ya hizo ni takriban lita tatu tu zinazoingia mdomoni kama maji ya kunywa na ya chakula. Kaya ya watu sita, kwa hesabu hiyo, inatumia lita 90 kwa siku, lakini inayohitaji kuyatibu kwa uangalifu ni lita 18. Hilo ni dumu moja.

Familia nyingi hushindwa kutibu maji kwa sababu hulitazama tangi zima na kuona kazi hiyo haiwezekani. Kutenga dumu moja kila jioni, lenye alama ya rangi ili mtoto asilichanganye na la kufulia, ni kazi inayowezekana hata kwenye chumba kimoja cha kupanga Mwembesongo.

Kwanza tope litue

Maji yenye tope yasitiwe dawa kabla ya kutuamishwa. Klorini huungana na udongo na mabaki ya majani, ikaisha nguvu kabla ya kuvifikia vijidudu, na baadhi ya vijidudu hujificha ndani ya chembe za udongo. Maji yaachwe yatulie kwa saa kadhaa au usiku kucha, kisha ya juu yamiminwe taratibu kwenye chombo kingine kupitia kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa.

Shabu, ambayo huuzwa sokoni, huharakisha kazi hiyo kwa kuzifanya chembe za udongo zishikamane na kuzama. Mbegu za mlonge zina uwezo unaofanana. Mtafiti Samia Al Azharia Jahn, aliyefanya kazi nchini Sudan, aliandika kwa kirefu namna wanawake wa vijijini kando ya Mto Nile walivyozitumia mbegu hizo kusafishia maji ya mto.

Mbegu zilizokomaa na kukauka humenywa, zikatwangwa kuwa unga na kukorogwa kwenye maji, kwanza kwa kasi na baadaye polepole kwa dakika tano hadi kumi, kisha maji huachwa kwa saa moja au mbili. Kwa tope la wastani, kadirio ni mbegu moja kwa lita mbili. Maji hayo yatumike ndani ya siku moja, kwa kuwa mabaki ya mbegu huyafanya yaoze upesi.

Wala mlonge wala shabu haitoshi kuyafanya maji yanyweke. Kazi yake ni kuyaandaa kwa hatua inayofuata.

Kipo kipimo rahisi cha kujua kama maji yametulia vya kutosha. Chupa ya plastiki inayopitisha mwanga hujazwa maji hayo na kusimamishwa juu ya gazeti, chini yake kukiwa na kichwa cha habari. Anayetazama kupitia mdomo wa chupa akiweza kusoma herufi hizo, tope limepungua kiasi cha kutosha. Asipoweza, yaendelee kutulia.

Kuchemsha na bei yake

Kuchemsha ndiyo njia inayojulikana kuliko zote. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusikiliza, watu wapatao milioni mbili nchini walijifunza pamoja namna ya kujikinga na magonjwa, yakiwemo ya kuhara. Wazazi waliopitia vikundi hivyo wameendelea kuwahimiza wajukuu wao kuchemsha maji, na ushauri wao ni sahihi. Moto huua bakteria, virusi na vimelea, vikiwemo vile vyenye ganda gumu ambavyo klorini huvishindwa.

Kinachotakiwa ni maji yatokote, yaani mapovu makubwa yapande juu bila kukoma. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kinashauri yaachwe yakitokota kwa dakika moja, na kwa maeneo yaliyo juu ya takriban meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika tatu. Sababu ni kwamba kadiri mtu anavyopanda juu, maji huchemka kwenye joto dogo zaidi. Mjini Morogoro, kwenye meta zipatazo 500, hutokota karibu na nyuzi 98. Kwenye uwanda wa Lukwangule juu ya Uluguru, uliopita meta 2,400, hutokota kwenye nyuzi 92 hivi. Kuyaacha yachemke kwa dakika 20, kama wafanyavyo wengine, ni kuunguza mkaa bure.

Na mkaa ndiyo kiini cha tatizo la njia hii. Makadirio yanayotumiwa mara nyingi ni kwamba kuchemsha lita moja ya maji huhitaji karibu kilo moja ya kuni. Dumu la lita 20 kila siku ni kilo 20 za kuni. Kaya inayotumia gesi au umeme inaweza kubeba gharama hiyo; kaya inayonunua mkaa kwa kopo itachemsha wiki ya kwanza ya hofu ya kipindupindu, kisha itaacha. Aidha, miti inayokatwa ili kuchemsha maji machafu ni ile ile ambayo ingelisaidia kuyazuia yasichafuke.

Udhaifu mwingine ni kwamba maji yaliyochemshwa hayana kinga yoyote baada ya kupoa. Kikombe kimoja kichafu kikizamishwa humo, kazi yote imepotea. Kwa hiyo yapoe ndani ya sufuria ile ile ikiwa imefunikwa, au yahamishiwe kwenye chombo kilichosafishwa, na kamwe yasiongezewe maji ya bomba ili yapoe haraka.

Klorini

Kwa kaya nyingi za mjini, klorini ni rahisi na nafuu kuliko moto, na ina faida moja kubwa: kiasi kidogo hubaki ndani ya maji na kuendelea kuyalinda. Dawa zilizotengenezwa mahsusi kwa maji ya kunywa, kama WaterGuard, hutumiwa kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa kwenye chupa au pakiti. Vipo vidonge vya kutibu lita 20 na vipo vya kiasi kingine, hivyo maandishi yasomwe kila mara.

Zinapokosekana, dawa ya kawaida ya kuondolea madoa kwenye nguo nyeupe inaweza kutumika, mradi iwe haina manukato, rangi wala sabuni, na kiwango chake cha klorini kiwe kimeandikwa. Kwa dawa ya asilimia 3.5, robo ya kijiko cha chai inatosha dumu la lita 20 la maji meupe. Kama maji bado yana ukungu baada ya kutuamishwa, nusu kijiko. Baada ya kukorogwa, yasubiriwe kwa dakika 30. Maji yanapaswa kuwa na harufu hafifu ya klorini. Yasiponuka kabisa, dawa imeliwa na uchafu na kipimo kile kirudiwe mara moja, kisha yasubiriwe tena.

Dawa iliyokaa juani au iliyopita muda wake hupungua nguvu. Isichanganywe na dawa nyingine yoyote ya usafi, kwani baadhi ya michanganyiko hutoa hewa ya sumu.

Wapo wanaokataa klorini kwa sababu ya harufu, na zimekuwepo hata tetesi kwamba inaharibu uzazi. Kwa kipimo kinachotumika kwenye maji ya kunywa, tetesi hizo hazina msingi wowote. Harufu hupungua maji yakihamishwa mara kadhaa kati ya vyombo viwili safi muda mfupi kabla ya kunywa.

Jua la bure

Njia ya tatu haihitaji fedha. Maji meupe hujazwa kwenye chupa za plastiki zisizo na rangi, zenye ujazo usiozidi lita mbili, na kulazwa juu ya bati kwa saa sita za jua. Siku ikiwa na mawingu zaidi ya nusu, huachwa siku mbili mfululizo. Mvua ikinyesha siku nzima, njia hii isitegemewe, jambo ambalo kwa Morogoro ya Aprili ni kasoro kubwa.

Ushahidi wake haukutoka mbali. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika kwa watoto wa Kimaasai nchini Kenya, ambao ulionyesha kuhara kunapungua kwa wale waliokunywa maji ya chupa zilizoachwa juani. Kipindupindu kilipoingia baadaye katika eneo hilo, watafiti walirudi kuhesabu. Kati ya watoto 155 wenye umri chini ya miaka sita waliotumia maji ya jua, watatu waliugua. Kati ya wenzao 144 ambao chupa zao zilikaa ndani ya nyumba, waliougua walikuwa 20.

Mkono ndani ya ndoo

Baada ya kazi yote hiyo, maji huharibiwa kwa mkono. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliofanya kazi Dar es Salaam walichapisha mwaka 2010 matokeo yanayoonyesha kwamba maji yaliyohifadhiwa ndani ya nyumba yalikuwa na bakteria wa kinyesi wengi kuliko maji hayo hayo yalipochotwa, na kwamba uchafu wa maji ulikwenda sambamba na uchafu wa mikono ya wanakaya.

Chombo kizuri ni chenye mdomo mwembamba, mkono usiopenya, na kifuniko. Ndoo pana yenye bomba dogo chini inafaa pia, mradi isifunguliwe. Magharibi mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vikundi vya akina mama katika eneo la Nyanza viliuza mitungi ya udongo iliyobadilishwa umbo: mdomo mwembamba na bomba ubavuni. Watu wanaopenda ubaridi wa maji ya mtungini hawakulazimika kuuacha mtungi. Uliobadilika ni mdomo wake. Mafundi vyungu wa hapa nchini hawangeshindwa kufanya hivyo.

Mahali ambapo ndoo ya wazi haiepukiki, kata yenye mpini mrefu itundikwe ukutani, isiwekwe chini. Karibu na choo kuwe na kibuyu chirizi na sabuni. Maji ya kunawia mikono si lazima yawe yametibiwa. Yakiwa na sabuni na yakitiririka, hata yenye ukungu kidogo yanafaa.

Yanayosahaulika

Ugali, wali na maharage hutokota vyenyewe, hivyo maji yake hayahitaji kutibiwa kabla. Hatari imo katika vitu vibichi. Kachumbari inayooshwa kwa maji ya bomba, embe lililomenywa kwa mikono iliyolowa, sharubati, barafu na maji ya kupigia mswaki huingia mdomoni bila kupita motoni. Hayo yote yatumie maji ya lile dumu lililotengwa. Barafu hasa hudanganya, kwani ubaridi hauui vijidudu vya kipindupindu, huvihifadhi.

Vyombo vioshwe kwa sabuni, visuuzwe mara ya mwisho kwa maji yenye klorini, na vianikwe juu ya kichanja hadi vikauke juani badala ya kufutwa kwa kitambaa kilicholowa. Kufulia, kudekia na kusafishia choo kunaweza kufanywa kwa maji yasiyotibiwa.

Kuoga kwa maji ya bomba yenye tope hakuna madhara makubwa kwa mtu asiye na kidonda, mradi yasimezwe. Watoto wadogo, ambao humeza kila kitu, waogeshwe kwa yaliyotibiwa. Maji yaliyochotwa moja kwa moja bwawani au mtoni ni habari nyingine, kwani yanaweza kuwa na kichocho, ambacho hupenya kwenye ngozi. Maji ya namna hiyo yakihifadhiwa kwa saa 48 kwenye chombo kisicho na konokono, vijidudu vya kichocho hufa vyenyewe.

Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama pekee. Anayelazimika kupewa maziwa ya kopo atengenezewe kwa maji yaliyochemshwa, siyo ya klorini peke yake.

Moto usipofaa

Maji yenye harufu ya dawa ya shambani, mafuta au kitu cha kiwandani, yasichemshwe. Kuchemsha hupunguza maji na kuacha kemikali ikiwa nzito zaidi. Wakazi wa mikoa ya kaskazini wanalifahamu jambo hilo kwa madini ya floraidi, yanayowabadili watoto meno kuwa ya kahawia. Miaka yote ya kuchemsha haikuwasaidia, na wataalamu wa kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha walilazimika kutumia mkaa wa mifupa kuyachuja.

Kwa Morogoro, tahadhari hiyo inawahusu zaidi wanaochota kwenye mitaro ya mashamba ya mboga, ambako dawa za wadudu hupulizwa kila wiki, na wanaotumia Mto Ngerengere unapopita chini ya mji na viwanda vyake. Vilevile, maji ya bwawa yanapokuwa ya kijani na yenye utando wakati wa kiangazi, yasinywewe hata baada ya kuchemshwa, kwa kuwa baadhi ya mimea hiyo midogo huacha sumu isiyoharibiwa na moto. Ndugu wa visima vifupi nao wachunguze umbali: kisima kinapaswa kuwa angalau meta 30 kutoka shimo la choo lolote, likiwemo la jirani.

Tangi la nyumbani lililoingiwa na maji machafu halitakaswi kwa kuongezewa maji safi. Limwagwe, lisuguliwe ndani, lisuuzwe, kisha lijazwe maji yaliyochanganywa na karibu lita moja na nusu ya dawa ya asilimia 3.5 kwa kila lita 1,000. Mabomba yote ya ndani yafunguliwe hadi harufu ya dawa isikike, yafungwe, na maji hayo yalale humo usiku mmoja kabla ya kumwagwa mbali na bustani na mto. Yasinywewe.

Akiugua mtu

Kuhara kunakofanana na maji ya mchele uliooshwa, tena mfululizo, ni dalili ya kipindupindu hadi ithibitishwe vinginevyo. Mgonjwa anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kuishiwa maji, kwa hiyo apelekwe kituo cha afya mara moja huku akiendelea kunyweshwa dawa ya chumvichumvi, ORS, njiani.

Pakiti ikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, pamoja na nusu kijiko cha chumvi vikorogwe katika lita moja ya maji. Chumvi isizidi hapo. Maji hayo nayo yatolewe kwenye dumu lililotibiwa, na yakipita saa 24 yamwagwe na kutengenezwa mengine. Anayemhudumia mgonjwa anawe kwa sabuni kila anapomgusa, na asiwapikie wengine.